Wengi Wape, Lakini Kiasi Gani?



Leo nataka twende Maseru, mji mkuu wa Lesotho, na twende mwezi Agosti mwaka 1998. Kule kusini huo ni mwezi wa baridi, na Lesotho yote ni nchi ya milimani: hata bonde lake la chini kabisa liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Katika baridi hiyo maelfu ya watu wamepiga kambi mbele ya lango la kasri la mfalme. Wamejifunika mablanketi ya sufu, vazi la Msotho kama lubega ilivyo vazi la Mmasai. Wanaimba na kukesha hapo hapo. Wana ombi moja kwa Mfalme Letsie wa Tatu: afute uchaguzi wa mwezi Mei na aiondoe serikali iliyotokana nao.

Mfalme yumo ndani, na hana la kuwafanyia. Si kwamba hataki. Kisheria hawezi.

Hapo, msikilizaji, ndipo kilipo kitendawili cha ufalme wa kikatiba. Ana kiti cha enzi, ana jina la mababu zake, noti zina sura yake, watu wanampigia magoti. Lakini mwenye kuamua bei ya mafuta ni mtu mwingine, mwenye suti na mkoba, ambaye miaka mitano ijayo huenda asiwepo. Mfalme ndiye mkuu wa nchi. Mkuu wa serikali ni waziri mkuu.

Katiba ya Lesotho ya mwaka 1993 imelieleza jambo hili bila kuuma maneno. Mfalme humteua waziri mkuu, ndiyo, lakini hamchagui. Anamteua mbunge ambaye inaonekana ataungwa mkono na wabunge walio wengi, na hata hapo hufuata ushauri wa chombo kiitwacho Baraza la Dola. Hulifungua Bunge kwa hotuba, nayo hotuba imeandikwa na serikali. Hutia saini sheria, baada ya wengine kuzipitisha. Kuna kifungu kimoja humo ambacho mimi kila nikikisoma hucheka kidogo. Kinasema kwamba pale mfalme anapotakiwa kutenda jambo kwa ushauri aliopewa, naye asitende, waziri mkuu anaweza kumwarifu kwamba muda fulani ukipita atalitenda yeye mwenyewe. Yaani hata mgomo wa mfalme umeshawekewa dawa.

Bunge lenyewe lina nyumba mbili. Ya chini ni Bunge la Taifa, linalochaguliwa na wananchi. Ya juu ni Seneti yenye watu 33: machifu wakuu 22, wanaoingia kwa kuzaliwa, na wengine 11 wanaoteuliwa na mfalme kwa ushauri. Seneti inaweza kuuchelewesha muswada, kuunung'unikia, kuurudisha na maneno makali, lakini kuuzuia moja kwa moja haiwezi. Sitakaa sana kwenye Seneti. Mambo makubwa yote yalitokea kule chini, kwenye nyumba ya kura.

Kabla ya hapo niseme neno moja, maana watu huchanganya. Si kila mfalme wa kusini mwa Afrika yuko hivi. Mwenzake wa Eswatini, Mfalme Mswati wa Tatu, anatawala hasa: vyama vya siasa vilipigwa marufuku huko tangu mwaka 1973, enzi za baba yake, na waziri mkuu ni mtu wa mfalme. Falme mbili, zote zimepakana na Afrika Kusini, ila moja mfalme ameshika usukani na nyingine amekaa kiti cha abiria.

Sasa basi, kama mfalme wa Lesotho hana uwezo, wale watu walifuata nini langoni kwake?

Walifuata kumbukumbu. Taifa la Wasotho lilifinyangwa na mtu mmoja, Moshoeshoe wa Kwanza, ambaye karne ya 19 aliwakusanya watu waliokuwa wakikimbia vita na njaa, akawaweka juu ya mlima wa Thaba Bosiu ambao maadui walishindwa kuupanda. Na alipotaka kuamua jambo kubwa aliita mkutano wa watu wote, unaoitwa pitso, ambako hata mtu wa chini aliweza kusimama na kumpinga chifu. Wasotho wana msemo, chifu ni chifu kwa sababu ya watu. Kwa hiyo kwa Msotho, kwenda kwa mfalme kuwalalamikia wakubwa ni ada ya kale, kuliko hata Katiba yenyewe.

Halafu kulikuwa na kumbukumbu nyingine, ya karibu zaidi na chungu zaidi. Lesotho ilipopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 4 Oktoba 1966, mfalme wake alikuwa Moshoeshoe wa Pili, kijana aliyesoma Oxford na ambaye hakuridhika kuwa pambo. Alitaka madaraka ya kweli. Waziri mkuu wa kwanza baada ya uhuru, Leabua Jonathan, hakuwa na nia ya kumpa. Mapema mwaka 1967 mfalme akalazimishwa kutia saini hati ya kuahidi kwamba ataiheshimu Katiba, na akikiuka ahesabiwe amejiuzulu. Mwaka 1970 Jonathan akashindwa uchaguzi, akaufuta, akaisimamisha Katiba, akampeleka mfalme uhamishoni Uholanzi kwa miezi kadhaa. Mwaka 1986 jeshi likampindua Jonathan. Mwaka 1990 jeshi hilo hilo likagombana na mfalme, likamvua ufalme, na mwanawe akasimikwa badala yake. Huyo mwana ndiye Letsie wa Tatu.

Hebu fikiria uzito wake. Umekalia kiti cha baba yako, na baba yako yu hai.

Agosti 1994 kijana huyo alijaribu kuutua mzigo. Alitangaza kuivunja serikali iliyochaguliwa mwaka mmoja tu uliotangulia, akalisimamisha Bunge, na mojawapo ya mambo aliyokuwa akiyataka ni baba yake arudishwe kwenye enzi. Watu waliandamana, wengine wakapigwa risasi wakafa. Majirani wakaingilia kati: Afrika Kusini ya Mandela, Botswana na Zimbabwe. Katika muda wa mwezi mmoja hivi serikali ikarudi madarakani. Na baba naye akarudishiwa kiti chake, Januari 1995. Hakukaa sana. Januari 1996 gari lake lilianguka milimani akafariki, na Letsie akapanda enzi mara ya pili.

Kwa hiyo mwaka 1998, wale wenye mablanketi walipokuwa wakimwita atoke aivunje serikali, walikuwa wakimwita mtu ambaye miaka minne nyuma aliwahi kufanya hivyo hivyo, na akajionea matokeo yake. Safari hii hakutoka.

Sasa tuje kwenye chanzo cha hasira yao, maana hapa ndipo penye funzo la uchaguzi. Lesotho ilirithi kwa Mwingereza mtindo ambao na sisi tunaujua: nchi inakatwa majimbo, na kila jimbo mwenye kura nyingi kuliko wenzake anachukua kiti. Hata akizidi kwa kura moja. Mtindo mwepesi, hauhitaji kikokotoo. Mwaka 1993, uchaguzi wa kwanza baada ya utawala wa jeshi, majimbo yalikuwa 65. Chama cha BCP cha Ntsu Mokhehle kilipata takriban robo tatu ya kura zote. Kikapata viti vingapi? Vyote 65. Chama cha BNP, ambacho zaidi ya mtu mmoja katika kila wapiga kura watano alikipa kura, hakikupata hata kiti cha kukalia mpiga chapa.

Mwaka 1997 Mokhehle, akiwa waziri mkuu, aligombana na wenzake chamani. Akatoka na wabunge wengi, akaunda chama kipya, LCD, na siku hiyo hiyo kikawa chama tawala. BCP iliyoshinda uchaguzi ikajikuta imekuwa upinzani bila mwananchi kuulizwa kitu. Kisha ukaja uchaguzi wa Mei 1998, majimbo 80. LCD, sasa chini ya Pakalitha Mosisili, ikapata asilimia 60 na kidogo ya kura. Viti? 79. BNP ilipata karibu robo ya kura zote. Viti? Kimoja.

Wahenga wetu walisema wengi wape. Sawa, wapewe. Lakini wapewe kiasi gani? Mtu mwenye haki ya vibaba sita katika kumi ukimpa vyote kumi, yule mwenye viwili na nusu atakwambia umemwibia, hata kama hukuiba. Na ndivyo walivyosema: kura zimeibwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikagua, ikakuta kasoro, lakini haikuweza kusema kwamba matokeo yaligeuzwa. Nami nadhani huo ndio ubaya wenyewe. Wizi ungepatikana, mngejua wa kumkamata. Hapa mwizi alikuwa ni hesabu, tena hesabu halali.

Na sisi wa pwani hii tusilisikilize jambo hili kama la watu wa mbali. Zanzibar nayo iliwahi kuwa ufalme wa kikatiba, kwa muda wa mwezi mmoja na siku mbili tatu. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura, yaani zaidi ya nusu, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa ZNP na ZPPP, wenye kura pungufu, ukapata 18 na kuunda serikali ya Sheikh Mohammed Shamte. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi asiyeamua siasa. Tarehe 12 Januari 1964 yakawa Mapinduzi. Sisemi sababu ilikuwa hiyo moja. Mambo ya Zanzibar yana mizizi mirefu na kila mtu ana yake ya kusimulia. Nasema tu kwamba enzi ilikuwa imekaa juu ya hesabu ambayo walio wengi hawakuikubali.

Turudi Maseru. Septemba ile askari wadogo wakawaasi wakubwa wao, ofisi zikasimama, na serikali ya Mosisili ikaomba msaada kwa majirani. Tarehe 22 Septemba majeshi ya Afrika Kusini yakavuka mpaka, na ya Botswana yakafuata. Siku hiyo Mandela alikuwa safarini, na aliyekaimu urais Pretoria alikuwa Mangosuthu Buthelezi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Wazulu. Walidhani itakuwa kazi nyepesi. Walipigwa risasi, nao wakapiga, watu wengi wakafa, na katikati ya mji wa Maseru maduka yakaporwa na kuchomwa moto.

Moshi ulipotulia wakubwa wakakaa chini. Kikaundwa chombo cha mpito chenye watu 24, wawili wawili kutoka vyama 12. Angalia hapo: chama chenye viti 79 kilikaa kwa idadi ile ile na chama kisicho na kiti. Walibishana zaidi ya miaka mitatu, tena walibishania namba. Walikubaliana kwamba viti vya majimbo vibaki na vingine viongezwe. Viongezwe vingapi? Upinzani ukavuta juu, serikali ikavuta chini, na uchaguzi uliopangwa mwaka 2000 ukasogezwa hadi Mei 2002. Wakaishia kwenye 80 vya majimbo na 40 vya fidia, jumla 120. Lesotho ikawa nchi ya kwanza Afrika kutumia mtindo huu ambao Wajerumani na watu wa New Zealand wanautumia kwa namna yao.

Fidia inafanyaje kazi? Chukua karatasi kama unayo. Tuseme kura halali ni 120,000 na viti 120, basi kila kiti kina thamani ya kura 1,000. Chama cha kwanza kina kura 60,000, haki yake ni viti 60. Lakini majimboni kimeshinda 70. Hakipokonywi, anayeshinda jimbo ni wa jimbo. Ila kwenye fidia hakipati kitu, na kinawekwa kando. Vimebaki viti 50 kwa kura 60,000 za wengine, kwa hiyo thamani ya kiti imepanda kuwa kura 1,200. Chama cha pili kina kura 30,000: ukigawa, haki yake ni viti 25. Majimboni kimeambulia vitano. Basi kinaongezewa 20 kutoka kwenye orodha ya majina iliyowasilishwa kabla. Waliobaki, wenye kura 30,000 nyingine, hali kadhalika. Kwa kifupi, viti vya majimbo vinapakuliwa kwanza, kisha sufuria ya pili inapelekwa kwa wale ambao sahani zao hazikujaa.

Mwaka 2002 LCD ilichukua karibu majimbo yote, kama kawaida yake. Lakini BNP, iliyokuwa na mbunge mmoja, ikaingia bungeni na watu 21. Watu wale wale, kura kama zile zile, ila safari hii walikuwa na mahali pa kupigia kelele badala ya lango la mfalme.

Mambo yangeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mwanasiasa ni mwanasiasa. Mtindo ule ulimpa mpiga kura karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo na moja ya chama. Uchaguzi wa Februari 2007 ulipokaribia, LCD ikakaa na kuwaza: karatasi ya pili tunaipoteza bure, maana majimbo tutajaza wenyewe na fidia hatupewi. Ikafanya urafiki na chama kidogo cha NIP na kuwaambia watu wake: ya jimbo tupeni sisi, ya chama wapeni hawa. NIP haikushinda jimbo hata moja, kwa hiyo mbele ya hesabu ilionekana fukara mwenye kura nyingi. Ikapewa viti 21. Upinzani mpya wa ABC, wa Tom Thabane, nao ulikuwa umefanya ujanja huo huo na chama cha wafanyakazi, ila wakapata pungufu. Ni kama kwenye karamu ya harusi, mtu ameshakula pilau yake hadi akajilegeza mkanda, halafu anamtuma mdogo wake na sahani tupu kwa mpakuaji.

Wakagombana tena, safari hii mezani, na msuluhishi akawa rais mstaafu wa Botswana, Ketumile Masire. Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi mno: kuanzia uchaguzi wa 2012 karatasi ni moja. Ukimchagua mbunge wa jimbo, kura hiyo hiyo inahesabiwa kwa chama chake. Huwezi tena kula mkono huu na kumtuma mdogo wako kwa mkono ule.

Na hapo mfalme akarudi kwenye hadithi, kwa mlango wa nyuma. Tangu 2012 hakuna chama kilichopata peke yake viti 61 vinavyohitajika kuunda serikali. Mwaka huo vyama vitatu viliungana na kufikisha 61 kamili, bila hata kimoja cha akiba. Mtindo unapotoa matokeo ya namna hiyo, lile neno la Katiba, "inaonekana ataungwa mkono na walio wengi", linapata uzito. Inaonekana kwa nani? Kwa Baraza la Dola, kisha kwa mfalme. Kazi ambayo enzi za viti 79 ilikuwa ni kutia saini tu, sasa inataka macho.

Lakini ya kuumiza zaidi ni saini ambazo hana budi kuzitia. Juni 2014 Waziri Mkuu Thabane, akiona wenzake wa mseto wanataka kumwangusha, alifanya vikao vya Bunge vifungwe kwa miezi tisa, kwa jina la mfalme. Kabla ya miezi hiyo kwisha, Agosti 30, jeshi lilivamia vituo vya polisi na Thabane akakimbilia Afrika Kusini. Machi 2017 Mosisili, aliyekuwa amerudi uwaziri mkuu, akashindwa kura ya kutokuwa na imani. Katiba ilimruhusu, badala ya kuondoka, aombe Bunge livunjwe, akaomba, likavunjwa. Chaguzi kuu tatu kati ya Mei 2012 na Juni 2017. Nchi ya watu milioni mbili na kitu, na kila baada ya muda mfupi vipaza sauti vijijini. Mwaka 2020 Katiba ikarekebishwa kumpunguzia waziri mkuu ubavu huo.

Kuna wanaosema fidia ndiyo iliyoleta vurugu hizi za miseto. Mimi nakubali nusu. Lesotho haikuweka kizingiti, kwa hiyo chama chenye kura chini ya moja katika mia kinaweza kupata mtu bungeni, na mwaka 2022 vyama vilivyogombea vilikuwa zaidi ya 50. Halafu mbunge wa jimbo alikuwa na ruhusa ya kuhama chama na kubaki na kiti, ruhusa ambayo wa orodha hakuwa nayo. Hiyo ya kuhama haikuletwa na fidia; Mokhehle aliifanya mwaka 1997, fidia haijazaliwa. Ukinilazimisha kuchagua kati ya Bunge linalozozana na mji unaoungua, sihitaji muda wa kufikiri.

Uchaguzi wa Oktoba 2022 ulishindwa na chama kilichoundwa Machi mwaka huo huo, RFP, cha mfanyabiashara Sam Matekane. Viti 56, vyote vya majimbo. Fidia hakupewa hata kimoja, kwa kuwa alishazidi haki yake. Akapungukiwa vitano, akaungana na vyama viwili vidogo, na Mfalme Letsie akamteua.

Nami nilipoipata orodha ya matokeo sikuanza kuisoma juu. Nilianza chini, kuwatafuta wazee. LCD, iliyopata 79 kati ya 80: viti vitatu. BCP, iliyopata 65 kati ya 65: kimoja. Na BNP, ile iliyolala langoni kwa mfalme kwa sababu ya kiti kimoja: kimoja.